Golf GTI kuukuu: Tibu maradhi kwanza, ongeza nguvu baadaye

WAPENZI wa magari ya kasi wasio na uwezo wa kununua gari jipya la michezo aghalabu huelekeza macho kwa Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano. Ni gari dogo lenye mlango wa nyuma, linaloweza kupeleka watoto shuleni na kurudi na mizigo ya sokoni, ilhali injini yake ya turbo ina uwezo wa kuyaacha nyuma magari yaliyogharimu pesa nyingi zaidi.

Hata hivyo, gari hili sasa limezeeka. Toleo hilo lilizinduliwa katika maonyesho ya magari ya Paris mwaka wa 2004, na nafasi yake ikachukuliwa na kizazi cha sita mwaka wa 2009. Hii ina maana kwamba hata lile changa kabisa limepita umri wa miaka 15. Kwa kuwa sheria za Kenya haziruhusu kuingizwa nchini kwa gari lililotumika ambalo limezidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, mnunuzi wa leo hana budi kulitafuta miongoni mwa yale yaliyoingia zamani na kupitia mikononi mwa wamiliki kadhaa.

Wengi wa wanunuzi hao huwa na hamu ya kuongeza nguvu ya injini punde tu wanapokabidhiwa ufunguo. Hapo ndipo hasara huanzia. Injini iliyochoka ikiongezewa nguvu haifichi ugonjwa wake, bali huuharakisha. Swali la kwanza, kwa hivyo, si gari linaweza kuongezwa nguvu kiasi gani, bali ni iwapo lina afya ya kuhimili nguvu lililo nayo tayari.

Asili ya gari lenyewe

Golf GTI ya kwanza ilionyeshwa mjini Frankfurt mwaka wa 1975 na kuanza kuuzwa 1976. Ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110. Kampuni ilinuia kuunda magari 5,000 pekee, lakini wateja walijitokeza kwa wingi na jina hilo likaendelea kizazi baada ya kizazi.

Kizazi cha tano kilikuja na injini ya lita mbili yenye turbo, inayonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Hutoa nguvu za farasi 200 na msokoto wa nyutoni mita 280, ambao hupatikana kuanzia mizunguko 1,800 kwa dakika. Hiyo ndiyo sababu gari huvuta mapema bila kungoja injini ipige kelele. Lenye giaboksi ya klachi mbili, ijulikanayo kama DSG, hutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 6.9, na lile la gia za mkono huchukua sekunde 7.2.

Mwishoni mwa 2006 kulizinduliwa pia toleo maalumu la Edition 30, la kuadhimisha miaka 30 ya jina hilo, lenye turbo kubwa zaidi na nguvu za farasi 230. Mnunuzi anayeuziwa gari kwa jina hilo ahakikishe kwamba injini ni ya toleo hilo kweli, wala si nembo tu iliyobandikwa nyuma.

Turbo na nyanda za juu

Turbo ni feni mbili zilizounganishwa kwa fito moja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha feni ya kwanza, nayo ya pili huvuta hewa safi na kuibana kabla ya kuingia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi inaweza kuchomwa, na nguvu ikaongezeka.

Kwa mkazi wa Nairobi au Eldoret, jambo hili lina uzito wa pekee. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu asilimia 18 likilinganishwa na la Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Injini ya turbo hujitetea kwa kuizungusha feni yake kwa kasi zaidi ili kufidia hewa iliyopungua.

Lakini fidia hiyo ina bei. Tuseme injini inahitaji hewa yenye shinikizo la jumla la ba 1.9. Mombasa, turbo italazimika kuibana hewa karibu mara 1.9. Nairobi, ili kufikia shinikizo lilo hilo, italazimika kuibana mara 2.3. Feni huzunguka kwa kasi zaidi, hewa hutoka ikiwa moto zaidi, na beringi huumia zaidi. Kwa hivyo, programu ya kuongeza nguvu iliyoandikwa Ulaya kwa gari la nyanda za chini hulitwika gari la bara mzigo ambao mwandishi wake huenda hakuukusudia. Anayeishi nyanda za juu anafaa kulikumbuka hili kabla ya kuvutiwa na tarakimu za matangazo.

Maradhi ya kutafutwa kabla ya kulipa

Injini hii ina udhaifu unaojulikana na mafundi kote duniani. Kila mmoja unaweza kuchunguzwa kabla ya pesa kubadilisha mikono.

Udhaifu wa kwanza ni kikombe kidogo cha chuma kilicho kati ya kemshafti na pampu ya petroli ya shinikizo la juu. Kazi yake ni kupokea msuguano. Kikombe hicho huisha polepole, na kikitoboka, chuma hukwaruza chuma hadi pampu na kemshafti yenyewe zikaharibika. Kukifikia ni kazi nyepesi: pampu hufungwa kwa bolti tatu tu. Kikombe chenyewe ni cha bei nafuu mno kikilinganishwa na kemshafti mpya. Muuzaji anayekataa kikaguliwe amekwisha kutoa jibu. Baada ya kununua, kikaguliwe upya kila baada ya kilomita 15,000 hadi 20,000.

Udhaifu wa pili ni masizi kwenye vali za kuingiza hewa. Katika injini za kale, petroli hupita juu ya vali na kuziosha. Katika injini hii petroli huingia moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo mvuke wa oili hugandamana juu ya vali bila kuoshwa. Dalili zake ni injini kutetemeka inapowashwa asubuhi, kukosa pumzi inapozungushwa sana, na kunywa petroli kupita kiasi. Dawa za kutia katika tangi haziwezi kusaidia kwa kuwa hazifiki kwenye vali hizo. Tiba ni kufungua sehemu ya kuingizia hewa na kuzisafisha vali kwa mkono au kwa upepo wenye unga wa maganda ya njugu.

Tatu ni vali inayorudisha hewa iliyobanwa pale dereva anapoachilia mafuta. Baadhi ya matoleo ya kifaa hicho yana ngozi ya mpira inayopasuka. Ikishapasuka, hewa huvuja na gari huwa zito kuanzia chini, ingawa taa ya hitilafu huenda isiwake. Wanunuzi wengi huiita hali hiyo uchovu wa turbo na kununua turbo nyingine bure.

Nne ni mkanda wa taimingi. Tofauti na kizazi cha sita, ambacho injini yake hutumia mnyororo, kizazi cha tano hutumia mkanda wa mpira. Ukikatika gari likiwa mwendoni, pistoni hugonga vali na injini huwa imekufa. Kwa gari la umri huu, neno la muuzaji kwamba mkanda ulibadilishwa halitoshi. Pasipo risiti yenye tarehe na kilomita, mnunuzi achukulie kwamba haujabadilishwa, na gharama ya mkanda, puli zake na pampu ya maji aitoe katika bei anayotaka kulipa.

Tano ni giaboksi ya DSG. Ile ya gia sita iliyofungwa katika gari hili hutumia klachi zinazofanya kazi zikiwa ndani ya mafuta, na mafuta hayo pamoja na chujio lake hupaswa kubadilishwa kila kilomita 60,000. Wamiliki wengi hupuuza agizo hilo. Gari likishtuka linapohama kutoka gia ya kwanza hadi ya pili, likichelewa kurudi nyuma, au likitetemeka katika msongamano wa magari, huenda klachi zimechoka au kitengo cha kielektroniki kinachoiongoza giaboksi kimeanza kuharibika. Ukarabati wa kitengo hicho unaweza kumeza sehemu kubwa ya thamani ya gari.

Isitoshe, koili za kuwashia plagi hufa moja moja, na vali ya kupitishia mvuke wa oili huchoka na kuvujisha hewa. Hizi ni kasoro ndogo zinazorekebishika, lakini zafaa kutumiwa kupunguza bei.

Safari ya majaribio

Mnunuzi amwambie muuzaji asiliwashe gari kabla ya yeye kufika. Akifika, aguse boneti. Ikiwa na joto, kuna jambo ambalo huenda linafichwa, kwa maana kelele nyingi za injini hii husikika inapowashwa ikiwa baridi. Moshi wa samawati baada ya kuwasha humaanisha oili inachomwa. Moshi mweupe mzito usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, huashiria maradhi makubwa zaidi.

Injini ikishapata joto, gari lijaribiwe kwenye mpando. Likiwa gia ya tatu na injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, dereva akanyage mafuta taratibu hadi mwisho. Gari lenye afya huvuta kwa nguvu sawa bila kusitasita. Likilegea hadi mizunguko 3,000, kuna uvujaji wa hewa mahali fulani. Likikatakata, plagi au koili zishukiwe kwanza.

Magurudumu nayo husimulia mengi. Tairi zilizolika upande mmoja ni ishara ya bushi zilizochakaa au gari lililowahi kugongwa. GTI iliundwa ikiwa chini kwa milimita 15 kuliko Golf ya kawaida, na matairi yake ya 225/45 kwa rimu za inchi 17 yana ukuta mfupi. Matuta na mashimo ya barabara zetu huzitesa bushi za mbele na kupinda rimu. Sauti ya kugonga gari linapovuka tuta isipuuzwe.

Hatimaye, fundi mwenye kompyuta ya kupimia hitilafu za magari ya kundi la Volkswagen asome kumbukumbu zote za gari. Kumbukumbu zilizofutwa siku hiyo hiyo ni ushahidi tosha kwamba kulikuwa na la kufutwa. Fundi huyo na achaguliwe na mnunuzi, asipendekezwe na dalali anayesubiri kamisheni.

Hati na historia

Utafutaji wa rekodi za gari hufanywa kupitia huduma za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani, NTSA, katika jukwaa la serikali la eCitizen. Rekodi hizo humwonyesha mnunuzi jina la mmiliki, na iwapo benki au kampuni ya mikopo ina haki juu ya gari. Magari mengi ya aina hii yamewahi kutumiwa kama dhamana, na anayelipa bila kutafuta rekodi anaweza kujikuta akilipa deni la mtu mwingine au akinyang'anywa gari.

Nambari ya chesisi nayo ina siri yake. Herufi au tarakimu ya 10 katika nambari hiyo huonyesha mwaka wa modeli: 5 ni 2005, 6 ni 2006, na kuendelea vivyo hivyo hadi 9. Isipowiana na mwaka unaotajwa na muuzaji, aulizwe sababu. Aidha, nambari iliyo kwenye kioo cha mbele ilinganishwe na ile iliyopigwa mhuri kwenye bodi.

Gari lililotoka Japani huwa na karatasi ya mnada inayoonyesha kilomita na alama za hali yake. Mnunuzi aiombe. Kilomita zilizo kwenye dashibodi leo zikiwa chache kuliko zilizoandikwa mnadani, hapana haja ya kuendelea na mazungumzo.

Pesa za kwanza ziende wapi

Baada ya kununua, busara ni kutenga akiba ya matengenezo kabla ya kufikiria nguvu. Mpangilio unaofaa ni huu: mkanda wa taimingi na pampu ya maji, kikombe cha pampu ya petroli, plagi na koili, mafuta ya DSG, kisha usafishaji wa vali.

Oili ya injini iwe ile inayokidhi kiwango cha Volkswagen cha 502 00, na ibadilishwe kabla ya kilomita 10,000 kutimia. Beringi za turbo hutegemea oili hiyo hiyo kwa ulainishaji na upoaji. Kwa sababu iyo hiyo, dereva aliyekuwa akikimbiza gari anafaa kuliendesha polepole dakika chache za mwisho kabla ya kulizima, ili oili isichomeke na kuganda ndani ya turbo.

Breki na matairi hufuata. Diski za mbele za gari hili zina upana wa milimita 312 na zinatosha kwa matumizi ya barabarani, mradi padi ziwe bora na mafuta ya breki yawe mapya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita. Kwenye mteremko mrefu kama ule wa kushuka Mai Mahiu, unyevu huo huweza kuchemka na pedali ikazama hadi sakafuni. Kuongeza nguvu katika gari lenye breki za aina hiyo ni kucheza na maisha.

Kuongeza nguvu kwa kiasi

Gari likishapona, njia ya kawaida ya kuliongezea nguvu ni kuandika upya programu ya kompyuta ya injini. Hakuna chuma kinachobadilishwa. Programu mpya huruhusu shinikizo zaidi la turbo na kurekebisha wakati wa kuwasha plagi. Kwa injini ya farasi 200, wauzaji wa programu za hatua ya kwanza hutaja matokeo ya farasi 240 hadi 250, na msokoto unaozunguka nyutoni mita 350.

Tarakimu hiyo ya mwisho inahitaji kutazamwa kwa makini. DSG ya gia sita iliundwa kuhimili takriban nyutoni mita 350. Anayechagua programu ya kiasi hubakia ndani ya mpaka, ilhali anayetaka ya juu kabisa huanza kuzila klachi siku hiyo hiyo. Kwa mkazi wa bara, programu inayoongeza kidogo na kupunguza shinikizo kwenye mizunguko ya juu huipa turbo maisha marefu zaidi, na tofauti haihisiki sana katika uendeshaji wa kila siku.

Petroli nayo ina usemi. Programu huandikwa kwa kuzingatia kiwango cha okteni. Ile iliyoandikwa kwa petroli ya okteni 98 ya Ulaya haifai gari linalojazwa petroli ya kawaida ya kituo cha jirani. Petroli yenye okteni ndogo huwaka kabla ya wakati wake na kuzigonga pistoni. Sensa za injini hutambua mgongano huo na kuchelewesha uwashaji, lakini hapo nguvu iliyonunuliwa hupotea, na joto la moshi hupanda. Mnunuzi amweleze anayeandika programu ni petroli gani atakayotumia na ni wapi anaishi, kisha adai kusomewa vipimo vya gari likiwa barabarani, si gereji pekee.

Vifaa vingine havina haraka. Vali ya kupumulia nje yenye mlio huleta sauti, haileti nguvu. Kuondoa kichujio cha moshi huchafua hewa na kuongeza makelele, na kanuni za kudhibiti kelele za mwaka wa 2009 hazimwachi nje mwenye gari. Kulishusha gari chini zaidi kwenye barabara zenye matuta ni kutafuta gharama ya bushi na sampu ya oili iliyopasuka.

Bima na sheria

Bima husimama juu ya uaminifu wa pande zote mbili. Aliyeongeza nguvu ya gari pasipo kuiarifu kampuni yake ya bima huipa sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali. Ni afadhali kuongezewa malipo kidogo kuliko kugundua, gari likiwa limekwisha kupondeka, kwamba miaka yote ya kulipa haina faida.

Aidha, sheria haijui nguvu za farasi. Kikomo cha mwendo kwa gari la kibinafsi kwenye barabara kuu ni kilomita 110 kwa saa, na 50 mijini. Golf GTI hufikia kikomo hicho cha juu kwa muda wa sekunde chache hata kabla ya kuguswa na fundi. Manufaa ya kweli ya nguvu ya ziada ni kulipita lori kwa usalama na kwa muda mfupi pale barabara ionekanapo wazi.

Rahisi huwa ghali, wahenga walinena. Katika soko la magari haya, GTI ya bei ya chini isiyo na risiti mara nyingi humgharimu mwenyewe zaidi ya ile ya bei ya juu yenye faili nene la matengenezo. Mwenye kununua la pili, akalitibu, akaliwekea breki na matairi ya kuaminika, atagundua kwamba farasi 200 walio wazima huenda mbali kuliko 250 wagonjwa. Na akitaka kuongeza kidogo baadaye, atakuwa akijenga juu ya msingi imara.